Adriano Atiman, Mwanafunzi wa Kazi Aliyestahili Kutuzwa

Mcheza kwao hutuzwa, wasema wazee. Lakini je, mtu asiye na kwao, aliyeibwa angali mtoto na kuuzwa kama mbuzi, atatuzwa na nani? Katika historia ya Ziwa Tanganyika yumo mtu wa namna hiyo. Hakuzaliwa karibu na ziwa hili, hakuwa sultani wala padri. Alikuwa kijana aliyefundishwa kazi ya uganga, akaishika kazi ile hata siku ya kufa kwake. Jina lake Adriano Atiman. Tunapenda wakristo wa Uvira, na hasa sisi wa milimani Rurambo, tumjue vizuri, maana habari zake zatuhusu sote tulio na vijana wanaojifunza kazi za mikono.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo Watuareg walimnyakua, wakamvusha jangwa kubwa la Sahara, naye hakuwaona tena wazazi wake. Yapata mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa huko Aljeria kwa fedha. Shirika lao lilikuwa bado changa, maana Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger alikuwa amelianzisha mwaka 1868.

Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa na swali moja moyoni: watoto hawa waliokombolewa watakuwa nani kesho? Kumkomboa mtoto ni jambo jema. Lakini mtoto aliyekombolewa asiyejua kazi yoyote atabaki kuomba siku zote mlangoni kwa mtu mwingine. Basi mwaka 1881 alifungua nyumba ya vijana Waafrika katika kisiwa cha Malta, kusudi baadhi yao wasomee uganga katika chuo kikuu cha huko.

Kwa nini uganga? Kwanza, aliona kwamba Afrika haina budi kufundishwa imani na Waafrika wenyewe, na mganga hupokelewa katika kila nyumba, hata nyumba isiyotaka kusikia neno la dini. Pili, alitaka kila mmoja wao ale jasho lake mwenyewe, asiwe mzigo kwa misioni wala kwa watu. Tena hakutaka vijana wale wageuke Wazungu. Alitaka waendelee kula, kuvaa na kulala kwa namna ambayo ingewawezesha kukaa baadaye na watu wao bila kuwaona duni. Naam, hilo ni jambo la kukumbukwa na kila mwenye kufundisha vijana: mafundisho yanayomfanya kijana aone haya kurudi kijijini yamemwibia mama yake mtoto.

Njia ile ya Malta haikuwa nyepesi. Fikirini kijana aliyezaliwa kando ya Niger, akisoma katikati ya wageni majina ya mifupa na mishipa, na dalili za magonjwa, kwa lugha zisizo zake. Si wote walioanza waliofika mwisho, na mwaka 1896 nyumba ile ikafungwa. Lakini mwaka 1888 Atiman alikwisha maliza masomo yake. Akatumwa pamoja na wamisionari katika nchi za Ziwa Tanganyika, ambako hakuwa na ndugu hata mmoja.

Tukumbuke ziwa letu lilikuwaje siku zile. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaharibu vijiji vya pwani zote mbili. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1879. Mwaka ule ule walifungua misioni Rumonge, katika nchi ya Burundi. Mwaka 1881 Padri Deniaud na Padri Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, wakauawa huko. Mwaka 1883 walifungua Kibanga, katika pwani yetu ya magharibi, kusini ya Uvira. Huko walilea watoto waliokombolewa, lakini mwaka 1893 iliwabidi kupaacha. Upande wa mashariki, mbali kusini, Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome Karema mwaka 1879. Mwaka 1885 waliwaachia Mapadri. Ndiko Atiman alikofika mwaka 1889, baada ya safari ndefu kwa miguu kutoka pwani ya bahari. Mwenzake wa Malta, Joseph Gatchi, alifanya kazi ng'ambo ya pili, upande wa Mpala katika Kongo. Hivyo matunda ya nyumba ile moja yalifika pande zote mbili za ziwa.

Basi, Karema ilipata nini? Ilipata mganga asiyeondoka. Alifika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa mpaka uzee mkuu, miaka 67 yote mahali pamoja. Katika miaka hiyo serikali ya Wadachi ilikuja ikaenda, ikaja ya Waingereza. Vita kuu viwili vilipita. Mapadri walibadilishwa, wengine walizikwa. Atiman alikuwapo. Aliwatunza wagonjwa na kupasua panapohitaji kupasuliwa, na pamoja na hayo alifundisha dini, maana alikuwa mganga na katekista pia. Wala hakujidai kwamba amekwisha kujua yote kwa kuwa alisoma Ulaya. Alijifunza pia dawa za miti zilizojulikana na wenyeji, akaziongeza katika elimu yake. Mwanafunzi hodari ni yule asiyeacha kuwa mwanafunzi.

Alioa huko huko mwanamke wa Kibende, jina lake Agnes Wansahira. Mtoto wao Yosefu alipewa upadri mwaka 1923. Tazameni, wapenzi wasomaji: mtoto aliyetolewa kwao kwa nguvu alipata kwao pengine, si kwa kuzaliwa bali kwa kutumika.

Alifariki Karema mwaka 1956, mwenye umri wa miaka kama 90. Alipokuwa hai, Kanisa na serikali zilimpa nishani za heshima. Baada ya kufa, jina lake halikupotea: Dar es Salaam iko nyumba ya zamani ya Mapadri Weupe iitwayo Atiman House, na Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake. Mtoto ambaye wafanya biashara walimpangia bei sokoni, leo watu huponea chini ya jina lake.

Sasa turudi milimani kwetu. Sisi wa Rurambo tunajua kushangilia. Kijana akirudi kutoka Uvira au Bukavu na shahada ya masomo, ngoma hupigwa, mbuzi huchinjwa, na wazee husimama kusema. Hilo ni jema, wala hatulikatazi. Lakini kijana aliyekaa miaka mitatu kwa seremala, akibeba mbao na kunoa randa, mpaka siku ile mlango alioufanya ulipofungika vizuri, yeye hupigiwa ngoma gani? Msichana aliyejifunza kushona hata akaweza kuwavisha watoto wa komunyo ya kwanza, nani alitaja jina lake? Na kijana muuguzi aliyemaliza mafunzo yake, akakubali kubaki milimani, ambako mgonjwa huchukuliwa na watu mabegani, tumempa hata neno la shukrani?

Zaidi ya hayo, watu wa kwetu humlipa fundi mgeni kutoka mjini mara moja, na bei yote. Mtoto wa kijiji akifanya kazi ile ile, huambiwa, «Wewe ni wetu, tutaonana.» Miezi hupita, wasionane. Kisha kijana akishuka kwenda kutafuta kazi kando ya ziwa au katika migodi, twasema vijana wa siku hizi hawapendi kwao. Je, ni wao wasiopenda kwao, au ni kwao kusikowapenda? Methali ya wazee ina pande mbili: mcheza kwao hutuzwa, basi asipotuzwa, atacheza pengine. Nchi yetu imekwisha kuona vita vya kutosha, na watu kukimbia na kurudi. Kila mara tunaporudi tunahitaji mwashi wa kujenga tena, seremala wa kutengeneza milango, mkunga wa kupokea watoto. Tukiwapoteza hao, hakuna mlima utakaojengwa kwa maneno.

Maandiko yenyewe yatufundisha heshima hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alipotaka Hema lake litengenezwe, alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho yake apate akili ya kuchonga na kutengeneza shaba na dhahabu. Tena Bwana wetu mwenyewe aliitwa mwana wa seremala. Mwaka 1955, mwaka mmoja kabla Atiman hajafa, Baba Mtakatifu Pio wa kumi na mbili aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Siku gani ingefaa zaidi? Siku hiyo, katika kila jumuiya, vijana waliomaliza kujifunza kazi waitwe mbele ya wakristo kwa majina, pamoja na mafundi waliowafundisha. Waonyeshe kiti, nguo au jembe walilolitengeneza. Wazee waseme neno. Na yeyote anayedaiwa na fundi kijana, alipe deni lake kabla ya sikukuu. Hiyo ndiyo itakuwa ngoma nzuri kuliko zote.

Nanyi vijana mnaojifunza, sikilizeni. Siku ya kupokea cheti ni siku ya kupanda, si ya kuvuna. Atiman hakusifiwa kwa sababu alisoma Malta. Wengine pia walisoma Malta. Alisifiwa kwa sababu kazi aliyofundishwa aliimaliza, aliipeleka kwa watu waliokuwa na haja nayo, wala hakuiacha ilipochosha. Mkifanya hivyo, watu watawatuza tu, hata wakichelewa. Na kama wakisahau kabisa, yuko Mmoja asiyesahau ujira wa mfanyakazi.