Kabla ya TBS Kulikuwa na Mkono: Ujanja wa Kale Kwenye Biashara ya Nguo

Unadhani watu wameanza kupigwa kwenye vitenge juzi? Soma hii.

Karne ya 19, msafara ukitoka pwani kwenda Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu pale Karagwe, nguo ndiyo ilikuwa pesa. Iliyotamba ni merikani, pamba nzito isiyopaushwa kutoka Marekani. Ilipimwa kwa mkono, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Sasa mikono ya watu hailingani! Muuzaji alifaidi mkono mfupi ukipima, mnunuzi alifaidi mrefu.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, pamba ikaadimika. Baadhi ya viwanda vya Uingereza vikaanza kushindilia kitambaa wanga na udongo mweupe ili kiwe kizito. Dukani kinaonekana cha maana, ukikifua tu uzito wote unaondoka na maji.

Tanganyika ikaja na Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963, ambayo leo FCC wanaitumia kukamata bidhaa feki. TBS ikaanzishwa mwaka 1975 kusimamia viwango.

Ila mama wa Kanoni aliyetoa hela ya kahawa akapewa kitenge kinachochuja, hela yake hairudi kirahisi. Kwa hiyo kabla hujalipa, kikunjue, kipime kwa mita, sugua pindo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihama, achana nacho.