Mashini moja, watu wengi: wazo la tangu 1961

Kufungua ordinatere ya mbali ndani ya kivinjari inaonekana kama jambo la leo. Kumbe mzizi wake ni wa zamani.

Mwaka 1961, kule MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS: mashini moja kubwa, watu wengi wanaitumia kwa wakati mmoja. Sababu? Bei. Hakuna aliyeweza kununua yake mwenyewe.

Kisha ordinatere ndogo zikaenea, lakini wazo halikufa. Mwaka 1998, maabara moja ya Cambridge, Uingereza, ilitoa VNC bure: picha ya skrini inasafiri, kazi inabaki kule mbali. Hata kivinjari kiliweza kuifungua, ila kilidai Java.

Guacamole, iliyoanza 2010, ikaondoa ile shida: inatumia HTML5, na mtumiaji haweki programu yoyote kwake. Leo iko chini ya Apache, bila malipo. Mzigo unabaki kwa mtu mmoja: anaiweka kwenye seva, anaunda konti ya kila mtumiaji, anafunga njia kwa HTTPS.

Hii inatuhusu sana. Laptop dhaifu inatosha kuchora ramani za mashamba kwa programu nzito, mradi intaneti iko. Lakini umeme ukikatika kule kwenye seva, wote tunasimama.

Basi mbele ya kila mmoja kutafuta laptop ya bei kali, tuulize fakilte zetu: hatuwezi kuwa na mashini moja ya nguvu, yenye umeme wa uhakika, tuitumie wote?