Mtundulu: kichaka cha maua ya rangi mbili

Mfugaji wa Lingeka, wilayani Meatu mkoani Simiyu, huuita mtundulu. Kwa Kiswahili ni mkulagembe, na kitaalamu Dichrostachys cinerea: mti mfupi wa miiba wa nchi kavu, jamii ya mikunde. Ua lake huning'inia, nusu ya juu zambarau iliyofifia, nusu ya chini njano. Ile ya juu ni tasa.

Maganda yake yaliyojisokota hupendwa sana na mbuzi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mbegu hupita tumboni salama, zikaota mahali ambapo nyasi zimeliwa kupita kiasi. Mti ukikatwa, mizizi huchipua upya. Malisho hugeuka pori la miiba. Huko Kuba, ulikopelekwa, umevamia mashamba yaliyoachwa, ingawa mwaka 2017 mkaa wake ulianza kuuzwa Marekani.

Hata hivyo, kuung'oa wote ni hasara. Mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini, kuni zake huwaka muda mrefu, na majani hulisha mifugo. Hufaa upunguzwe tu ndani ya ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma yaliyofufuliwa na mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986, eneo hilo likiwa bado Mkoa wa Shinyanga.