Mgeni Asiye na Salamu

Sisi watu wa visiwani tumezoea kupokea wageni. Huja wakapita vichochoroni mwetu, wakaitazama milango ya nakshi, kisha wakaondoka bila ya kujua hata neno moja la yale yaliyochongwa juu yake. Aghalabu huwacheka. Mimi nami niliwacheka, mpaka siku nilipofika Kalenga.

Kalenga ni kijiji cha Wahehe, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Iringa. Hapo palikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, na hapo leo yapo makumbusho yake. Nilikwenda nikijiamini kuwa Kiswahili changu kitanifikisha popote. Bibi mmoja mtu mzima, aliyeketi kivulini, akaniamkia: "Kamwene." Nikabaki kimya. Mtu aliyekwisha kufasiri mashairi ya watu wa ng'ambo hakuwa na jawabu la salamu ya nchi yake mwenyewe!

Kijana aliyenitembeza alinieleza yote kwa Kiswahili fasaha: mikuki, ngao, na fuvu la kichwa ndani ya kioo. Lakini kila alipofika penye uchungu, alimgeukia yule bibi wakasemezana Kihehe, nami nikasubiri nje ya maneno yao. Neno moja tu niliomba nifasiriwe, nalo ni "lilinga". Maana yake ngome, akaniambia. Na ndilo lililozaa jina la Iringa. Miaka mingi nimelitamka jina hilo, kumbe ninautaja ukuta ulioanguka.

Na uliangukaje? Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Msomaji wa pwani asidhani kuwa huyu ni mtu wa mbali. Ndiye yule yule aliyekuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani mjini Pangani mwaka 1888, na ubabe wake ulichangia kuwasha vita vya Abushiri. Wajerumani wakarudi kulipiza kisasi, na mwishoni mwa Oktoba 1894 Kalenga ikatekwa. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898. Siku hiyo, alipofuatiwa hadi Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kushikwa. Adui akakikata kichwa chake, kikachukuliwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo. Kifungu hicho hicho kiliitaka pia iurejeshe Msahafu wa Sayyidna Uthman. Miaka ikapita. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya mjini Bremen, akakuta mafuvu mengi, wala hapana lililokuwa na jina la Mkwawa. Basi yakapimwa kwa kulinganishwa na vichwa vya jamaa zake, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Hata leo wapo watafiti wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe.

Ndugu msomaji, litazame neno letu "makumbusho". Limetokana na kukumbusha, na hakumbushwi ila aliyewahi kujua. Yule bibi wa Kalenga alikuwa akikumbushwa. Mimi nilikuwa nikifundishwa. Ama kule Bremen, hapakuwa na wa kukumbushwa. Palikuwa na vipimo tu. Ikiwa fuvu lile ni la Mkwawa, basi lilikaa ugenini zaidi ya nusu karne bila ya mtu wa kulisalimu. Na ikiwa si lake, ni la mtu mwingine aliyekuwa na jina na lugha yake, na huenda kwao hawajui kuwa amerudi kwa jina la mwenziwe. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kuliko vita vyote.

Kesho yake nilishika njia ya Mbeya. Kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa nilishuka Isimila, penye shoka za mawe zilizochimbuliwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958. Zimelala wazi bondeni, chini ya nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Lugha ya waliozichonga haijui yeyote, si Mhehe, si Mswahili, si Mzungu. Hapo sote ni wageni sawasawa. Lakini Kalenga wenyewe wapo, na lugha yao i hai. Ujinga wangu haukuwa na udhuru.

Kwa hiyo nilipopanda basi la kwendea Mbeya, jambo la kwanza lilikuwa kumwuliza mama wa Kinyakyusa aliyekaa ubavuni mwangu: kwenu mtu huamkiwaje? "Ugonile," akanifundisha. Nikalirudia neno hilo njia nzima, mpaka akacheka.