Wafalme Watatu na Mwezi wa Mkononi

Kuna saa moja ya mkononi ambayo uso wake umekwanguliwa nusu. Aliyeamuru ikwanguliwe alikuwa mfungwa. Inasimuliwa kwamba Aisin-Gioro Puyi, mfalme wa mwisho wa China, akiwa kizuizini Khabarovsk, mashariki ya mbali ya Muungano wa Kisovieti, alitaka kujua kama uso wa saa yake nao ulikuwa wa platinamu kama kasha lake. Mtumishi aliyefungwa pamoja naye akaanza kukwangua. Alipoona chini ya rangi hamna platinamu, akaacha.

Saa hiyo ni Patek Philippe, iliyotengenezwa Geneva, Uswisi, na kuuzwa Paris mwaka 1937. Inaonyesha saa, siku ya juma, tarehe na mwezi. Na kwenye kidirisha kidogo inaonyesha pia mwezi ule mwingine, wa angani, unavyoandama, unavyojaa na unavyopungua. Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea kuita vyote viwili kwa neno moja. Fundi wa Geneva alilazimika kuviwekea sehemu mbili tofauti.

Nilipoanza kusoma habari za saa za namna hii, sikuwa nikitafuta wafalme. Nilitaka tu kujua kwa nini mtu alipe bei ya nyumba kwa kazi ambayo simu yangu inaifanya bure. Wafalme walijitokeza wenyewe. Puyi wa China, Bảo Đại wa Vietnam na Haile Selassie wa Ethiopia: kila mmoja alikuwa na saa ya dhahabu au platinamu yenye mwezi, kila mmoja alipoteza kiti chake cha enzi, na saa zao zote zilipita mnadani kati ya mwaka 2017 na 2023.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuliko unavyodhaniwa. Nyuma ya uso wa saa kuna kisahani cha rangi ya usiku, kilichochorwa miezi miwili mipevu, mmoja kila upande. Kwa kawaida ukingo wa kisahani hicho una meno 59, na kila siku kidole kidogo cha chuma hukisukuma jino moja. Mwezi mmoja unapozama upande huu wa kidirisha, wa pili huja kuchomoza upande wa pili. Kwa nini 59? Kwa sababu toka mwandamo hadi mwandamo ni kama siku 29 na nusu, na gurudumu haliwezi kuwa na nusu jino. Basi mafundi waliunganisha miezi miwili, 29 na nusu mara mbili, wakapata hesabu kamili.

Ila mwezi wa kweli haukubali kufungwa na nusu hiyo. Mzunguko wake huchukua, kwa wastani, siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3. Dakika hizo 44 hujikusanya mwezi hadi mwezi, na kabla miaka mitatu haijatimia, mwezi wa saa unakuwa umeachana na wa angani kwa siku nzima. Zipo saa za siku hizi zenye gurudumu la meno 135, ambazo hukosea siku moja tu katika miaka 122. Lakini hata hizo zinamhitaji binadamu. Saa isipotiwa ufunguo wala kuvaliwa husimama baada ya siku mbili hivi, na mwezi wake husimama nayo. Lazima aje mtu ausukume kwa pini hadi ulingane na ule wa juu.

Katika China ya kale, kuulinganisha mwezi na siku za watu ilikuwa kazi ya mfalme. Wanajimu wa ikulu walipima jua na mwezi, naye akatoa kalenda ya kila mwaka. Kuifuata kalenda yake ilikuwa ni kukubali kwamba yeye ndiye mtawala. Puyi alikalishwa kwenye kiti hicho mwaka 1908, hajatimiza hata miaka mitatu. Januari 1912 Jamhuri changa ilianza maisha yake kwa kuchukua kalenda ya Ulaya. Wiki chache baadaye mtoto huyo akaondolewa kwenye enzi. Wajapani walipomvika taji la Manchukuo mwaka 1934, alikuwa mfalme asiyeamua lolote. Ile saa ya 1937 ilimpa, mkononi na kwa matumizi yake binafsi, kile ambacho babu zake walikitoa kwa dola nzima.

Majeshi ya Kisovieti yalimkamata mwaka 1945. Alipokuwa akirudishwa China mwaka 1950, alimwachia saa hiyo mkalimani wake, Georgy Permyakov. Alifariki Beijing mwaka 1967, raia wa kawaida aliyewahi kutunza mimea katika bustani. Mei 2023, saa yake iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Ile mikwaruzo haikuipunguzia thamani. Ilikuwa sehemu ya kilichouzwa.

Vietnam nayo ilikuwa na desturi hiyo. Katika jumba la Huế, wafalme wa ukoo wa Nguyễn walitoa kalenda ya mwaka mpya kwa sherehe. Bảo Đại aliurithi ufalme huo mwaka 1926, akauacha mwaka 1945, kisha Wafaransa wakamrudisha mwaka 1949 kama mkuu wa nchi. Mwaka 1954 mataifa makubwa yalikutana Geneva kujadili hatima ya nchi yake. Inasimuliwa kwamba ni katika siku hizo ndipo alipoingia dukani na kuomba Rolex adimu kuliko zote. Alipewa saa ya dhahabu, uso mweusi wenye almasi, tarehe pembeni, na mwezi chini kidogo ya katikati.

Nimejaribu kuuwaza mji huo wakati ule. Katika ukumbi, wajumbe wameinamia ramani. Dukani, mtu mmoja ananyoosha mkono apimwe mkanda wa saa. Julai 1954 makubaliano yalitiwa sahihi, na Vietnam ikakatwa vipande viwili kwenye nyuzi 17 za latitudo. Mamia ya maelfu ya watu walifunga mizigo na kuhama kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwaka uliofuata Bảo Đại akang'olewa madarakani kwa kura, naye akabaki Ufaransa hadi kifo chake mwaka 1997. Mei 2017 saa yake iliuzwa, palepale Geneva, kwa zaidi ya dola milioni 5.

Saa ya Haile Selassie ndiyo iliyonigusa zaidi, labda kwa sababu Ethiopia huhesabu saa kama sisi. Mshale ukiwa kwenye saba asubuhi, mtu wa Addis Ababa husema saa moja, kama anavyosema mtu wa Mombasa au Dodoma. Mwaka wao una miezi kumi na mitatu, na uko nyuma ya ule wa Ulaya kwa miaka saba au minane. Saa ya mfalme, Patek Philippe ya dhahabu yenye kalenda ya kudumu, ilijua mwezi gani una siku 30 na upi una 31, ikajua hata Februari ya mwaka mrefu. Mwezi wa kumi na tatu haikuujua.

Septemba 12, 1974, wanajeshi wa Derg walimtoa mfalme ikuluni na kumpakia kwenye Volkswagen ndogo. Kwa kalenda ya Uswisi hiyo ilikuwa siku kama nyingine. Kwa kalenda ya barabara alizopitishwa, ilikuwa siku ya pili ya mwaka mpya, Meskerem 2, 1967. Alifariki mwaka uliofuata akiwa mikononi mwao. Mifupa yake ilikutwa mwaka 1992 imefukiwa katika eneo la ikulu, na hakuzikwa kwa heshima hadi Novemba 2000.

Mwaka 2015 saa yake ilitangazwa kuuzwa Geneva, ikaondolewa mnadani baada ya kuzuka mgogoro kuhusu nani mmiliki wake halali. Miaka miwili baadaye ilirudishwa, ikauzwa kwa karibu dola milioni 2.9. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu kuhusu bei. Kinacholipiwa si meno 59. Kinacholipiwa ni anguko. Kadiri mfalme alivyoanguka vibaya, ndivyo nyundo ya mnada inavyopanda. Na wale walioanguka pamoja naye, waliohama na kufungwa na kuzikwa bila jina, hawamo katika hesabu ya mauzo, wala senti moja haiwafikii wajukuu wao.

Mwezi wa saa hizi umechorwa kwa macho ya Geneva. Umesimama wima, ukijaa toka upande mmoja kwenda wa pili. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga mara nyingi hulala chali, pembe zikitazama juu, kama mtumbwi uliotulia majini. Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu wa pwani hutoka nje kuutafuta. Wengine hupanda darini, wengine hushuka ufukweni, wote wanatazama magharibi jua likizama. Anayeuona huenda kutoa ushahidi. Haulizwi ana saa gani mkononi. Anaweza kuwa mvuvi ambaye ndiyo kwanza ametia nanga, ilimradi ni mtu mwaminifu, na neno lake likikubaliwa, mji mzima unaanza mwezi.