Chapa Tupu: Theluji Isiyo na Wino

Asubuhi isiyo na mawingu, ukitoka Same kwenda Mwanga na Milima ya Upare ikiwa mkono wako wa kulia, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujitokeza mbele na weupe wake. Wengi wetu theluji tunaijua hivyo tu, kwa macho na kwa mbali. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule akielekea Uchagani, kiongozi wa msafara wake aliuita "baridi". Mtu yule aliitaja theluji kwa ngozi, si kwa rangi, na jibu lake ndilo lililonifungulia neno la Kijapani: karazuri.

Wajapani huchonga picha kwenye ubao wa mcheri, kila rangi na ubao wake. Ubao hupakwa rangi, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, kisha mgongo wa karatasi ukasuguliwa kwa kisuguo kilichofungwa ganda la mwanzi. Katika karazuri, ubao haupakwi kitu. Karatasi husuguliwa kwa nguvu hadi izame kwenye michongo, na ikitolewa ina matuta na mabonde yasiyo na rangi yoyote. Suzuki Harunobu, katika karne ya 18, aliumba theluji kwa namna hiyo. Picha ukiishika mbele ya dirisha, mwanga ukaipiga kwa ubavu, theluji huinuka.

Katika kulitafsiri neno hilo nilianza na "chapa kavu", nikaiacha: karatasi ikikauka haikubali kuzama. "Kara" ni tupu. "Zuri" ni kupiga chapa, wala haihusiani na uzuri wetu. Basi iwe chapa tupu. Nalipenda neno chapa kwa sababu wafugaji wa tambarare za Same wanalo pia: alama ya ng'ombe haina wino, lakini kiganja kikipita juu yake huitambua.

Istilahi hii isitandazwe kila penye theluji. Katika picha ya Hiroshige ya kijiji cha Kambara, ya miaka ya 1830, mapaa na vilima ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa na rangi, na anga limepakwa wino unaofifia polepole. Huo nauita weupe wa karatasi. Watu watatu wanapita wameinama, na mmoja wao amejifunika mwavuli hadi mabegani.