Dola ya Fedha ya 1987: Sarafu Iliyosema "Sisi Watu"

Katika Kiswahili chetu, neno fedha lina maana mbili: madini meupe ya sonara, na pesa za matumizi. Sarafu tunayoizungumzia leo inabeba maana zote mbili. Ni dola ya fedha iliyotolewa na Marekani mwaka 1987 kuadhimisha miaka 200 ya Katiba ya nchi hiyo.

Sarafu yenyewe ina uzito wa gramu 26.73. Asilimia 90 ni fedha na 10 ni shaba, maana fedha tupu ni laini na huchakaa upesi. Upana wake ni milimita 38.1, mkubwa kuliko sarafu yoyote tunayotoa mfukoni kumlipa konda. Mchoraji wake ni Patricia Verani. Upande mmoja aliweka karatasi za ngozi zilizorundikwa, kalamu ya unyoya juu yake, na maneno ya kwanza ya Katiba hiyo: "Sisi Watu". Upande wa pili aliweka kundi la Wamarekani wa vipindi na kazi mbalimbali, wamesimama pamoja.

Sheria ya kuitengeneza ilipita mwaka 1986. Zilipigwa Philadelphia, mji ambao Katiba yenyewe ilitiwa saini tarehe 17 Septemba 1787, na pia San Francisco, ambako zilitoka zile zilizong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 3. Ni pesa halali, lakini hakuna anayekwenda nayo dukani, kwani fedha iliyomo ina thamani kuliko dola moja iliyoandikwa. Kila mnunuzi aliongezewa dola 7 juu ya bei, na nyongeza hiyo ilikwenda kupunguza deni la taifa.

Hayo ndiyo maelezo ya sarafu. Sasa tuitazame picha yake.

Lile kundi la watu lilikuwa na maana njema, lakini halikuwa picha ya 1787. Wajumbe 39 waliotia saini walikuwa wanaume weupe watupu. Katiba waliyoiandika ilihesabu watumwa kwa sehemu tatu za tano katika kugawa viti vya Bunge, na ikazuia biashara ya kuingiza watumwa isipigwe marufuku kabla ya 1808. Utumwa wenyewe uliondolewa na marekebisho ya mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Haki ya wanawake kupiga kura haikuingia katika Katiba mpaka 1920.

Mtu mmoja alilisema hilo hadharani sherehe zikiwa zimepamba moto. Naye ni Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mei 1987, akihutubia mawakili huko Hawaii, alikataa kuwasifu waasisi kupita kiasi. Alisema kazi yao ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba sifa ni ya wale waliokataa kuridhika na maana ya zamani ya uhuru na haki, wakapigana kuirekebisha.

Jina la Marshall linatuhusu sisi pia. Mwaka 1960, kabla hajawa jaji, alialikwa na Tom Mboya akawa mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, ulipojadiliwa mustakabali wa Kenya. Huko aliandika rasimu ya haki za msingi, ikiwemo ulinzi wa walio wachache na fidia kwa anayenyang'anywa ardhi. Mtu aliyejua ladha ya kuachwa nje ya "Sisi Watu" alitaka Kenya ianze na haki za wote.

Nasi tuna Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, nayo pia yaanza kwa kututaja sisi watu. Ina hata neno lake juu ya sarafu: Kifungu cha 231 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa za Kenya. Ndiyo maana sarafu mpya za Desemba 2018 zilikuja na twiga, kifaru, simba na ndovu, badala ya nyuso za marais.

Kipengele hicho kilitekelezwa, ijapokuwa kwa kuchelewa. Je, Kifungu cha 12, kinachompa kila raia haki ya hati ya kujitambulisha? Kijana wa Lamu au Vanga aliyezungushwa akitafuta kitambulisho, akiulizwa karatasi za babu yake, ana haki ya kuuliza kama yeye yumo katika wale "watu".

Wazee husema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Katiba hupimwa siku raia mnyonge anaposimama mbele ya dirisha la ofisi. Akihudumiwa bila kunyanyaswa, imeheshimiwa, hata kama hakuna sarafu iliyopigwa kwa jina lake.